Data ya wateja ikifutika usiku, utairudisha?

Tuseme uko zako Umoja, una apu ndogo ya kuuza viatu vya mitumba. Wateja wanazidi kuongezeka, oda zinaingia, malipo ya M-Pesa yanasoma vizuri. Saa nane usiku unaandika amri ya kufuta oda moja ya majaribio, lakini unasahau kutaja ni oda gani. Unabonyeza. Jedwali zima limeenda. Sasa?

Usidhani hayo huwapata wanagenzi peke yao. Mnamo Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, jukwaa ambalo waunda programu wengi huhifadhi kazi yao, alikuwa akipambana na hitilafu usiku. Akafuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Aliposhtuka na kuisimamisha amri, kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki GB 4.5.

Njia za kutunza nakala walikuwa nazo tano, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ilivyotakiwa. Moja ilifeli kwa sababu ya matoleo mawili ya PostgreSQL yasiyopatana, na barua pepe za kuwaonya kuhusu hilo zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono muda wa saa sita hivi awali, kwa shughuli nyingine kabisa. Data iliyoingia baada ya hapo haikurudi.

GitLab walikuwa wakijisimamia hifadhidata yao wenyewe. Huduma kama Amazon RDS, iliyoanza 2009, zinakuondolea sehemu kubwa ya mzigo huo. Kampuni inasimamia seva, inarekebisha programu na kuchukua nakala kila siku. Ukikosea saa nane na dakika kumi, unaweza kuomba hali ilivyokuwa saa nane na dakika tisa, mradi iwe ndani ya muda uliopanga. Kwenye RDS muda huo unafika siku 35.

Kwa miaka mingi shida ya vijana ilikuwa bei. Hifadhidata iliwaka usiku kucha ikisubiri wateja ambao wamelala, na bili inakuja kwa dola. Hapa ndipo mambo yamebadilika. Tangu Novemba 2024, Aurora Serverless v2 ya Amazon inaweza kujizima hadi sifuri isipotumika. Neon nayo inafanya hivyo kwa PostgreSQL. Ni kama tokeni za stima: taa ikizimwa, hazipungui. Ila nafasi ya kuhifadhi data bado unailipia, na mteja wa kwanza asubuhi atangoja kidogo, kwa Aurora sekunde 15 hivi, mashine ikiamka. Kwa duka la viatu, hiyo si noma.

Lakini chunga. Apu yako ikiacha muunganisho wazi, hifadhidata hailali, na wewe unashangaa bili imetoka wapi. Tena RDS ya kawaida ukiizima mwenyewe, inawaka yenyewe baada ya siku 7. Na ukikaa na toleo lililozeeka, utatozwa: tangu Machi 2024, anayeendelea na MySQL 5.7 kwenye RDS hulipia usaidizi wa ziada. Kuhamia toleo jipya kumekuwa rahisi, maana sasa unaweza kuandaa nakala pacha yenye toleo hilo, uipime, kisha uhamishe wateja kwa muda mfupi mno.

Kuhusu mahali data inakaa, kituo cha Amazon cha Cape Town kilifunguliwa 2020, kwa hivyo si lazima ipelekwe Ulaya. Na hata ikiwa huko, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 bado inakuhusu wewe mwenye apu. Data ya wateja ikivuja kwa namna ya kuwahatarisha, una saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data.

Sasa kuna mtego mmoja ambao wengi hawausomi. Kwenye RDS, ukifuta hifadhidata yenyewe bila kuchagua kubakisha nakala za kila siku, nazo zinafutwa. Yaani umechoma nyumba na cheti cha bima kikiwa ndani.

Kwa hivyo Jumamosi hii, kabla ya mechi, fungua akaunti yako. Chagua dakika yoyote ya jana na uombe data irejeshwe. Itakuja kama hifadhidata mpya, ile ya zamani haiguswi. Hesabu oda zilizomo, ulinganishe na ujumbe wa M-Pesa wa siku hiyo, na uandike imechukua dakika ngapi. Ukimaliza, futa hiyo mpya, la sivyo itaanza kula dola zako usiku huohuo.