Doa jeupe kwenye jino la mtoto: Usingoje litoboke

WAZAZI wengi humfikisha mtoto kwa daktari jino likiwa limekwisha kutoboka na nyumba nzima haijalala. Ni wachache wanaokuja mapema, wakati jino lingali laweza kuokolewa bila sindano wala koleo.

Mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka minne aliyekuwa na kikohozi. Mtoto alipofungua kinywa nimtazame koo, niliona mistari myeupe kama chokaa kwenye meno ya mbele ya juu, kando ya ufizi.

"Hayo ni mabaki ya maziwa, Daktari," mama akasema.

Nilipangusa kwa pamba, hayakutoka. Nikamweleza kwamba huenda huo ukawa mwanzo wa kuoza. Alishtuka, kwani kifungua mimba wake alikuwa ameng'olewa magego mawili mwaka uliotangulia. Nikamtuliza: katika hatua hii, uharibifu waweza kurudishwa nyuma.

Jino huozaje?

Bakteria wanaoishi kinywani hula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya kalisi na fosfeti yaliyo katika gamba gumu la nje la jino. Baada ya mlo, mate huyarejesha madini hayo polepole. Lakini mtoto anayekula peremende, biskuti na soda mchana kutwa hayapi mate nafasi ya kufanya kazi hiyo. Madini yanayotoka yakizidi yanayorudi, doa jeupe hutokea. Likipuuzwa, gamba huporomoka na kuwa tundu.

Kazi ya floridi

Dawa ya meno ina vitu kadha. Kuna unga laini wa kusugua uchafu, sabuni ya kutoa povu na vitu vya kutia ladha. Povu na ladha haviponyi jino. Kiungo kinachotibu ni floridi. Hii husaidia kalisi na fosfeti zilizomo katika mate kurudi penye doa, na sehemu inayojengeka upya huwa sugu zaidi dhidi ya asidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2021.

Unaponunua, soma maandishi kwenye paketi. Kiwango kinachofaa ni kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Baadhi ya dawa zinazouzwa kwa watoto zina floridi kidogo mno au hazina kabisa.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu atiliwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita punje ya njegere. Apigwe mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na mzazi mwenyewe ndiye afanye kazi hiyo. Ateme povu lakini asisukutue kwa maji, ili floridi ibaki kwenye meno. Baada ya hapo asipewe chochote ila maji.

Wakazi wa Bonde la Ufa

Wazazi kutoka Nakuru na Naivasha huniuliza: "Maji yetu yameharibu meno kwa floridi, kwa nini tuongeze nyingine?" Ni swali la haki. Visima vingi huko vina floridi inayopita kipimo cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikimezwa kila siku meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi, huyaacha na madoa ya kahawia. Floridi ya mswaki hufanya kazi juu ya jino, kisha hutemwa. Hata hivyo, wazazi wa huko wasizidishe kiasi, wasimwachie mtoto dawa ailambe, na wapate ushauri wa daktari wa meno.

Jino likishatoboka, hakuna dawa ya mswaki itakayoziba tundu. Mpeleke mtoto hospitalini, hata kama ni jino la utotoni.

Yule mama nilimtuma kwa daktari wa meno, aliyethibitisha kuwa meno yalikuwa yameanza kuoza. Miezi michache baadaye alirudi na mtoto. Madoa hayakuwa yametoweka yote, lakini yalikuwa laini na yenye kung'aa, dalili kwamba jino limejikaza tena. Hakuna lililong'olewa.

Leo jioni, inua mdomo wa juu wa mwanao utazame.