Jinsi ya kuchagua kayaki ya upepo kwa safari za mtoni

MCHEZO wa kuendesha kayaki katika mito yenye maji ya kasi umepata wapenzi wengi Afrika Mashariki, hasa Sagana, takriban kilomita 100 kaskazini ya Nairobi, mahali unapopita Mto Tana, na Jinja nchini Uganda, mahali unapoanzia Mto Nile kutoka Ziwa Victoria. Wakazi wengi wa mijini hawana pahali pa kuhifadhi kayaki ya plastiki ngumu, wala gari la kuibeba. Ndiyo maana kayaki ya kujazwa upepo, ambayo hukunjwa na kutiwa katika mfuko, huwavutia.

Tatizo ni kwamba jina hilo moja hubeba vyombo viwili tofauti kabisa. Kimoja ni kitu cha kuchezea katika bwawa la kuogelea. Kingine ni chombo halisi cha mtoni. Dukani hufanana kwa rangi na umbo, lakini katikati ya mawe na mawimbi tofauti yake inaweza kuwa uhai wa mtu.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni ngozi ya chombo. Kayaki za bei nafuu hutengenezwa kwa plastiki nyembamba isiyo na kitambaa ndani yake. Plastiki ya namna hiyo ikitoboka, tundu huweza kuendelea kuchanika. Kayaki ya mtoni hutengenezwa kwa kitambaa imara kilichopakwa PVC au mpira pande zote mbili, hivyo tundu hubaki dogo na huzibika kwa kiraka. PVC ni ngumu na bei yake ni ya wastani, ingawa huchakaa mapema ikiachwa juani. Mpira wa aina ya Hypalon huvumilia jua kwa miaka mingi na hukunjika kwa urahisi, ila ni ghali. Kampuni ya DuPont ya Marekani iliyobuni jina hilo iliacha kuutengeneza mwaka 2010. Vyombo vinavyouzwa leo kwa sifa hiyo hutumia mpira wa jamii hiyo kutoka kwa watengenezaji wengine.

Pili, ni idadi ya vyumba vya hewa. Chombo cha mtoni hakina budi kuwa na vyumba visivyopungua vitatu vinavyojitegemea: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na sakafu. Kimoja kikipasuka, viwili vilivyobaki humwezesha msafiri kufika ukingoni. Chombo chenye chumba kimoja hakifai kabisa kwa maji ya kasi.

Tatu, na pengine hili ndilo muhimu zaidi, ni namna chombo kinavyotoa maji. Katika mawimbi, maji lazima yataingia. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo kayaki iliyoingiwa na lita 100 imeongezewa kilo 100, uzito wa mtu mzima mnene, nayo haigeuki wala haisimami kwa urahisi. Kayaki maalumu za maji ya kasi zina sakafu nene ya hewa inayoelea juu ya usawa wa mto, na matundu pembeni mwa sakafu hiyo. Maji yanayoingia hutoka yenyewe, na msafiri hana haja ya kuacha kafi ili akumbe maji.

Hata hivyo, mfumo huo una masharti yake. Chombo kikipakiwa kupita kiasi, sakafu huzama chini ya usawa wa mto na matundu yale yale huingiza maji badala ya kuyatoa. Hapo ndipo safari ya kulala njiani inapotofautiana na safari ya siku moja.

Kwa safari ya siku moja, mtu mmoja hutosheka na kayaki ya urefu wa kati ya mita 2.7 na 3.2. Urefu huo hugeuka upesi kati ya mawe. Kwa anayetaka kulala ukingoni, hesabu hubadilika. Msafiri wa kilo 75 akiongeza lita nane za maji ya kunywa, pamoja na hema, chakula, vyombo vya kupikia na nguo vyenye jumla ya kilo 22, mzigo wake unafika kilo 105. Ni busara kutojaza chombo hadi kiwango cha juu kilichoandikwa na mtengenezaji, bali kuacha walau theluthi moja. Kwa hesabu hiyo msafiri huyu anahitaji chombo kinachobeba kilo 160 hivi. Mara nyingi hiyo ni kayaki ya watu wawili, yenye urefu wa mita 3.6 hadi 4, ikiendeshwa na mtu mmoja.

Mizigo yote iwe katika mifuko isiyopitisha maji, ilazwe chini na kufungwa barabara, mizito karibu na katikati. Kamba zisiachwe zikining'inia, kwani zinaweza kumnasa mtu aliyepinduka.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe chombo kijazwe upepo mbele yake. Kuta nyingi za pembeni huhitaji mgandamizo wa pauni mbili hadi tatu kwa inchi ya mraba. Sakafu bapa zilizounganishwa ndani kwa maelfu ya nyuzi huhitaji pauni sita au zaidi, na hazipindi kirahisi. Kilichojazwa kiachwe kivulini usiku kucha. Upepo ukipungua kidogo asubuhi, huenda ni baridi tu iliyoufanya usinyae. Kikilegea kabisa, maji ya sabuni yakipakwa kwenye vali na maungio yataonyesha mapovu mahali panapovuja.

Kanuni hiyo hiyo ya joto ikumbukwe safarini. Kayaki iliyojazwa sawasawa kwenye maji baridi, kisha ikapandishwa ukingoni saa sita mchana, huweza kupasuka kwa jua. Ipunguzwe upepo kwanza.

Fedha zote zisiishie kwenye chombo. Jaketi la kuokoa maisha, kofia ngumu, kamba ya uokoaji, pampu, viraka na gundi ni sehemu ya bei. Mito hupangwa kwa madaraja kuanzia la kwanza hadi la sita, na anayeanza hastahili kuvuka la pili bila kiongozi mzoefu. Akitupwa majini, aelee chali miguu ikitangulia, wala asijaribu kusimama kwenye mkondo mkali, kwa kuwa mguu ukinasa kati ya mawe maji humlaza kifudifudi.

Mwisho, chombo kizuri hakiondoi haja ya kuujua mto. Maporomoko ya Bujagali karibu na Jinja yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme la megawati 250 lililokamilika mwaka 2012, na bwawa la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, likabadilisha sehemu nyingine ya Nile. Ramani za zamani zinaweza kupotosha. Chini ya mabwawa, maji huweza kupanda wakati wowote yanapofunguliwa. Hema lisimikwe juu, mbali na mapito ya viboko wanaotoka usiku kula majani. Sehemu za chini za Mto Tana zina mamba pia. Aidha, kichocho kipo katika maji ya Ziwa Victoria na Nile, hivyo ni vyema kupimwa wiki kadhaa baada ya safari.

Mwenyeji wa ukingoni huyajua haya yote. Kumuuliza hakugharimu kitu.