Kwa nini amplifaya huungua spika zinapoongezwa, na namna ya kuepuka hasara

Na Mwandishi Wetu

WAUMINI huchangishana fedha, amplifaya mpya hununuliwa Kariakoo, spika huongezwa hadi barazani, na baada ya majuma machache sauti hukatika katikati ya ibada. Lawama humwangukia muuzaji, kwamba ameuza bidhaa bandia. Hata hivyo, mara nyingi chombo hakina kosa. Kosa limo katika namna spika zilivyounganishwa.

Kiini cha tatizo ni ukinzani, yaani kiasi ambacho spika huzuia umeme kupita, nao hupimwa kwa omu. Amplifaya nyingi zimeundwa kubeba mzigo wa omu 8 au 4. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba, ukinzani hushuka hadi omu 4. Zikiwa nne hushuka hadi omu 2, na zikiwa nane hubaki omu 1 tu. Kadiri ukinzani unavyoshuka, ndivyo amplifaya inavyolazimika kutoa mkondo mkubwa zaidi. Hupata joto, na mwishowe hujizima yenyewe au transista zake huungua.

Tatizo la pili ni urefu wa waya. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ukivutwa mita 100 kwenda na mita 100 kurudi, una ukinzani wa takriban omu 2.3. Kwa spika ya omu 8, zaidi ya moja ya tano ya nguvu hupotea njiani na kugeuka joto.

Dawa ya matatizo hayo mawili ni mfumo wa laini ya volti 100. Nchini Marekani hutumika zaidi volti 70. Kanuni yake ni ile ile ya kusafirisha umeme wa gridi: volti hupandishwa ili mkondo upungue. Wati 100 kwenye spika ya omu 8 huhitaji mkondo wa ampea 3.5 hivi, ilhali kwenye laini ya volti 100 ampea 1 inatosha. Kwa waya ule ule wa mita 100, upotevu hushuka hadi asilimia 2 hivi.

Katika mfumo huo kila spika hufungwa transfoma ndogo ya kushusha volti, ambayo humwezesha fundi kuchagua idadi ya wati zitakazotumiwa na spika hiyo. Kwa hiyo hahitaji tena kukokotoa omu. Hujumlisha wati tu.

Tuchukue mfano wa jengo la ibada lenye spika 16 za dari, kila moja wati 6. Hizo ni wati 96. Nje kuna honi nne za wati 15, ambazo ni wati 60. Jumla ni wati 156. Mafundi hushauri mzigo usizidi asilimia 80 ya uwezo wa amplifaya. Amplifaya ya wati 240 inaweza basi kubeba wati 192, na bado itabaki akiba ya wati 36.

Spika nyingi ndogo zina faida nyingine. Mahali pa wazi, umbali kutoka kwenye spika ukiongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6; lakini kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu. Ndiyo maana spika moja kubwa huwaumiza masikio walio mbele, huwasumbua majirani, na bado walio nyuma hawasikii vizuri. Tangu mwaka 2015 Tanzania ina kanuni maalumu za kudhibiti kelele na mitetemo, hivyo jambo hili si la ujirani mwema pekee.

Tahadhari ni muhimu. Spika ya kawaida ya omu 8 isiyo na transfoma isiunganishwe kamwe kwenye laini ya volti 100, kwani itadai wati 1,250 na kuhatarisha yenyewe pamoja na amplifaya. Nyuma ya amplifaya ya aina hii, nyaya za laini huingia kwenye tundu la ‘COM’ na lile la ‘100V’. Matundu ya omu 4 na 8 yaachwe wazi. Volti 100 zinaweza kumdhuru mtu, kwa hiyo chombo kizimwe kabla ya kugusa nyaya, nazo zipitishwe katika bomba lisilo na nyaya za umeme wa kawaida.

Mfumo huu unafaa zaidi kwa hotuba, mahubiri na matangazo. Transfoma ndogo hupunguza mdundo wa besi, hivyo kwaya yenye magitaa na ngoma ibaki na spika zake kubwa pamoja na amplifaya yake.

Kabla ya kutoa fedha, kamati yoyote imtake fundi aandike orodha ya spika zote, wati za kila moja, na jumla yake. Fundi asiyeweza kuiandaa orodha hiyo asikabidhiwe michango ya watu.