Safari ya neno kutoka moyoni hadi ulimini

Mtu anapozungumza kwa mwendo wa kawaida hutamka maneno mawili hadi matatu kwa kila sekunde. Akionyeshwa picha ya ng'ombe, haipiti hata sekunde moja kabla hajalitaja jina lake. Kazi hii huonekana nyepesi kiasi kwamba hakuna anayeihesabu kuwa ni kazi, mpaka siku inapomshinda.

Mwanasaikolojia wa Uholanzi, Willem Levelt, ambaye kitabu chake kuhusu usemi kilitoka mwaka 1989, aliigawa safari ya neno katika hatua. Kwanza msemaji hukusudia jambo, nalo huwa bado halijavikwa lugha. Kisha huteua neno miongoni mwa maelfu aliyoyahifadhi, pamoja na kanuni zake za kisarufi. Baada ya hapo ndipo huja sauti za neno hilo, na mwishowe ubongo huamrisha mapafu, koo, ulimi na midomo kuzitoa. Kwamba kuliteua neno ni jambo moja na kuzipata sauti zake ni jambo jingine, ushahidi kila mtu anao: ni pale neno linapokuwa ulimini nalo likakataa kutoka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, Waitaliano waliokwama namna hiyo mara nyingi waliweza kueleza kama neno lililowapotea ni la jinsia ya kiume au ya kike, ilhali sauti zake hawakuzipata. Msemaji wa Kiswahili naye hawezi kuchagua kati ya "kimevunjika" na "umevunjika" kabla ya kuamua ngeli ya kitu anachokikusudia.

Mengi ya yale yanayofahamika leo yalianzia kwa wagonjwa. Mwezi Aprili 1861, katika hospitali ya Bicêtre, kusini mwa Paris, tabibu Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kusema ila silabi moja: "tan". Wenzake walimwita kwa silabi hiyo. Hata hivyo, aliyaelewa karibu yote aliyoambiwa. Alipoulizwa amekaa hospitalini hapo miaka mingapi, alifungua mkono mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja: miaka 21. Mgonjwa huyo alifariki dunia baada ya siku chache, na Broca alikuta jeraha katika sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Mwaka 1874, tabibu wa Kijerumani Carl Wernicke aliwaeleza wagonjwa wa namna nyingine, ambao maneno huwatiririka kwa wepesi lakini maana yake haishikiki, nao hawaelewi vyema wanachoambiwa.

Hali hizo huitwa afasia, na sababu yake kubwa ni kiharusi. Takriban theluthi moja ya wanaopatwa na kiharusi hupata afasia. Dhuluma kubwa wanayofanyiwa, pengine kubwa kuliko maradhi yenyewe, ni kudhaniwa kuwa wamerukwa na akili. Mzee aliyekuwa akisikilizwa na ukoo mzima hugeuka mtu wa kuzungumziwa mbele yake kana kwamba hayupo.

Kwa Waswahili walioko Muscat, London au Minneapolis, lipo jambo jingine. Mtu mwenye lugha mbili au tatu aghalabu huzirejea zote kwa pamoja, lakini wapo wanaorejewa na moja kabla ya nyingine. Mfaransa Ribot aliona kuwa lugha ya utotoni ndiyo hutangulia; mwenzake Pitres, mwaka 1895, akasema ni ile iliyozoeleka zaidi kabla ya maradhi. Hakuna kanuni kati ya hizo iliyowafaa wagonjwa wote. Kwa hiyo, bibi anayepimwa kwa Kiingereza peke yake huenda akahesabiwa kuwa hana maneno, kumbe anayo kwa Kiswahili. Familia ina haki ya kudai mkalimani.

Hisia zina njia yake. Leborgne alipokasirika sana aliweza kutoa apizo zima, na wagonjwa wengi wasioweza kuunda sentensi huimba nyimbo walizozizoea pamoja na maneno yake. Kwa msingi huo, wataalamu wa Boston walianzisha mwaka 1973 tiba ya kufundisha sentensi fupi kwa mahadhi. Lakini kuapiza si kueleza hisia. Mwaka 2007, Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kuwa mtu anayetazama uso wenye hasira au hofu, akiipa hisia hiyo jina, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala hupunguza msukosuko wake. Asiyeweza kusema "ninaogopa" hukosa hata nafuu hiyo, na haishangazi kwamba sonona huwapata wengi wenye afasia.

Wataalamu wa tiba ya usemi huwashauri jamaa wazime redio na televisheni wanapozungumza na mgonjwa, wamkabili uso kwa uso, watumie sentensi fupi na maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana, na waweke karibu karatasi, kalamu na picha. Zaidi ya yote, wasikimbilie kummalizia sentensi. Wasubiri, hata kama ukimya utakuwa mrefu.