Uvimbe Ukiisha, Enka Bado Haijapona

Kwenye viwanja vya mchangani ni jambo la kila wikiendi. Winga anageuka kwa kasi, njumu inanasa shimoni, mguu unapindia ndani. Refa hajapuliza hata filimbi, watu wameshamzunguka: mmoja anauvuta mguu ili "urudi", mwingine anamimina dawa ya kuchua, na nyumbani jioni yanamsubiri maji ya moto ya kukandwa. Nia yao ni njema, lakini yote matatu yanaweza kumzidishia madhara.

Mguu ukipinda hivyo, kano zinazoshika mifupa ya enka upande wa nje huvutika kupita kiasi au huchanika, na mishipa midogo ya damu hupasuka. Kuchua na joto huzidisha kuvuja kwa damu ndani. Kwa siku mbili au tatu za mwanzo, mchezaji apumzishe mguu, aufunge bandeji ya kuvutika, na akilala auinue juu ya usawa wa moyo. Barafu za mifuko zinazouzwa mtaani zinafaa sana, ila zifungwe kwenye kitambaa na ziwekwe dakika 15 hadi 20 kwa awamu. Kazi yake ni kutuliza maumivu. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, bandeji ilegezwe mara moja.

Je, mfupa umevunjika? Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha vigezo ambavyo hospitali nyingi duniani hutumia hadi leo. Kama majeruhi hawezi kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, au anaumia ukibonyeza mfupa wenyewe kwenye vinundu vya enka, hasa ukingo wa nyuma, apelekwe akapigwe eksirei. Mguu uliopinda umbo usiguswe kabisa na mtu wa uwanjani.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, hufanyika wiki mbili baadaye. Uvimbe umeshuka, kijana anatembea vizuri, kocha anamhitaji, anarudishwa. Baada ya mechi chache enka ileile inateguka tena, na watu wanasema ana mguu mbovu. Tatizo ni kwamba kano hazishiki mifupa tu. Ndani yake kuna neva zinazoupa ubongo taarifa ya jinsi mguu ulivyokaa, ili misuli ya muundi iukaze kabla haujapinda. Kano ikichanika, taarifa hiyo huchelewa, na kupumzika peke yake hakuirudishi.

Kinachoirudisha ni mazoezi ya mizani. Maumivu yakipungua, asimame peku kwa mguu ulioumia karibu na ukuta, sekunde 30, mara kadhaa kwa siku. Akizoea, afumbe macho. Hapo ataona mguu unavyotetemeka, hata kama alijiona amepona. Baadaye asimame juu ya mto huku mwenzake akimrushia mpira. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa wanamichezo waliofanya mazoezi ya namna hii nyumbani kwa wiki 8 waliteguka tena kwa nadra kuliko wenzao wasioyafanya. Kocha asimrudishe kikosini mpaka aweze kuruka kwa mguu huo mmoja, kukimbia na kukata kona bila maumivu wala woga.

Kwa wale ambao hawajaumia, FIFA ina programu ya kupasha mwili moto iitwayo 11+, ya dakika 20 hivi: kukimbia taratibu, kukaza misuli ya tumbo na mapaja, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Ilipojaribiwa kwa wasichana wanasoka wa Norway, majeraha yalipungua kwa takriban theluthi. Ifanywe angalau mara mbili kwa wiki, maana kuifanya siku ya fainali pekee hakusaidii. Vifaa ni mpira na koni, na zisipokuwepo, chupa za maji zilizojazwa mchanga zinatosha.