Fremu Isimkate Wifi Yako



Kila Desemba Kibosho hujaa. Watoto na wajukuu hupanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na baada ya Misa ya Noeli lazima ipigwe picha ya ukoo mbele ya migomba. Mwaka 2018 tulipiga yetu kwa simu ya shemeji, watu 11 katika mstari mmoja. Mwisho kabisa alisimama wifi yangu mkubwa, mkono wake begani kwa mwanangu wa mwisho. Hakuwa mtu wa picha. Siku ile tulimbembeleza.

Kabla ya Pasaka alifariki. Mama mkwe akaomba picha ile iwekwe sebuleni. Nikanunua Moshi mjini fremu nzuri ya inchi 8 kwa 10, nikapeleka picha kusafishwa, nikarudi nayo nimeifunga kwenye kanga. Mama mkwe akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu aliyemshika mtoto yuko wapi?" Ulibaki mkono tu.

Nilitaka kumlaumu kijana wa picha. Lakini mimi ndiye niliyenunua fremu kwanza, bila kufikiri kama umbo lake linafanana na la picha.

Jambo lenyewe si gumu. Chukua upande mrefu, gawanya kwa mfupi. Picha nyingi za simu hutoa 1.33, maana ni 4 kwa 3. Za kamera ya filamu ya kawaida, ambayo kipande chake ni milimita 36 kwa 24, hutoa 1.5. Sasa fanya vivyo hivyo kwa fremu: 4 kwa 6 ni 1.5, 5 kwa 7 ni 1.4; 8 kwa 10 ni 1.25. Namba zikilingana, hakuna anayekatwa. Ndiyo maana picha za filamu ziliingia barabara kwenye karatasi ya 4 kwa 6, nasi tukazoea kudhani kila picha huingia.

Zisipolingana, picha iliyolala hukatwa hivi. Ya simu ikijazwa kwenye 4 kwa 6 hupoteza nusu inchi juu na chini: kama mlisimama asubuhi, Kibo iko wazi nyuma yenu, huenda theluji ikaondoka, au miguu ya watoto waliokaa chini. Ikijazwa kwenye 8 kwa 10 hukatwa pembeni, kiasi cha theluthi mbili za inchi. Ni kidogo, lakini watu 11 wakipangwa katika inchi 10, kila mmoja ana chini ya inchi moja. Kijana alitaka baba mkwe akae katikati, akakata upande mmoja tu. Hapo ndipo wifi alipokwenda.

Msikubali pia ile dawa ya kuivuta picha ili ienee. Bibi harusi hunenepa ghafla kama aliyevimba uso, na mimi wodini nimeona nyuso zilizovimba za kutosha.

Mwambieni mwenye studio hivi: "Weka picha yote, acha ukanda mweupe." Halafu mwombeni awaonyeshe kwenye kompyuta kabla ya kuchapa, mhesabu vichwa. Kumbukeni pia kwamba mdomo wa fremu hufunika ukingo kidogo pande zote nne; anayesimama mwisho asiguse ukingo.

Bahati nzuri shemeji alikuwa bado na picha kwenye simu. Safari hii nilisafisha kwanza, inchi 9 kwa 12, ambayo ni 1.33 kamili, kisha nikampelekea seremala wa hapa kijijini apime na kutengeneza fremu ya mbao. Haikung'aa kama ile ya dukani. Mama mkwe aliifuta vumbi kwa upande wa kitenge chake, akaitundika mwenyewe chini ya msalaba.

Ile ya kwanza tumeiwekea picha ya Komunyo ya mtoto. Yuko peke yake na mshumaa wake, kwa hiyo pembeni palikuwa na nafasi ya kukata.