"Mimi navuta moja tu": kwa nini moyo haukubali hiyo hesabu

Ukiuliza watu wa Goma, Bukavu, Uvira, Beni ao Bunia sigara inaleta ugonjwa gani, wengi watakujibu: wa mapafu. Watataja kikohozi, kifua, kansa. Ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Moshi haubaki kwenye mapafu. Unapita mle na kuingia ndani ya damu, na damu inafika kila mahali, kuanzia kwenye moyo mpaka kwenye kidole cha mguu. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema kwamba tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka duniani, na wengi kati yao wanakufa kwa ugonjwa wa moyo ao wa mishipa ya damu.

Hapa kwetu sigara inauzwa moja moja. Utaipata kwenye kibanda, kwenye parkingi ya wamotari, kwenye nganda, hata usiku pale watu wanakesha kwenye kilio. Mtu ananunua moja asubuhi na moja jioni, kisha anajiambia: "Mimi siko mvutaji, navuta moja tu, mbili tu." Habari hii inamhusu huyo sawa vile inamhusu yule wa pakiti nzima.

Kazi ya moyo

Moyo ni pompi. Kwa mtu mzima aliyepumzika, unapiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Kwa siku moja, unafikisha karibu mapigo 100 000. Kila dakika unasukuma lita 5 hivi za damu. Damu hiyo inabeba oksijeni na kuipeleka kwenye ubongo, figo, miguu na mikono. Moyo wenyewe pia unahitaji kula: uko na mishipa yake midogo inayouletea damu. Mmoja wa mishipa hiyo ukiziba, sehemu ya moyo inakosa oksijeni na inaanza kufa. Hiyo njo inaitwa mshituko wa moyo. Mshipa wa ubongo ukiziba ao ukipasuka, ni kiharusi, ule ugonjwa ambao waganga wetu wanaita AVC.

Moshi unafanya nini ndani ya damu

Kwanza kuna nikotini. Inafika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde chache tu baada ya kuvuta. Inauambia mwili utoe adrenalini, sawa vile mtu amesikia risasi karibu. Moyo unakimbia, mishipa inabana, tansio inapanda. Mtu ameketi kwenye kiti, lakini moyo wake unafanya kazi ya mtu anayepanda mlima.

Pili kuna gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Ni ile gazi ya makala inayoua watu wakilala na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa. Iko pia ndani ya moshi wa sigara. Chembe nyekundu za damu zinaishika kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, basi nafasi ya oksijeni inachukuliwa. Kwa hiyo nikotini inaudai moyo kazi nyingi, na wakati huohuo hii gazi inaunyima chakula. Tukumbuke tena kwamba Goma na Bukavu ziko juu, karibu mita 1 500, ambako oksijeni ni kidogo kuliko kule Matadi ao Kinshasa. Na mama ao kijana anayepika kwa makala ndani ya nyumba bila dirisha anaongeza gazi ileile.

Tatu, moshi unaumiza ngozi laini iliyo ndani ya mishipa. Mshipa wenye afya ni laini, damu inateleza. Ukishaumizwa, mafuta ya damu yanaanza kushika pale, ukuta unakuwa mgumu, njia inapungua polepole, sawa vile bomba ya maji inayoshika uchafu mwaka kwa mwaka. Nne, moshi unafanya damu igande haraka. Siku moja donge dogo la damu linakutana na mahali palipobana, na njia inafungwa kabisa.

Haya yote hayana maumivu. Mvutaji anaweza kukaa miaka bila kusikia kitu. Kisha siku moja anaanguka ghafla, na jamii inaanza kuulizana ni nani alimpa sumu. Majirani wanashukiana, watu wanaachana kusalimiana, na hakuna anayefikiri juu ya mishipa iliyokuwa inaziba muda wote huo.

Hesabu ya "moja tu"

Wengi wanafikiri hivi: kama sigara 20 kwa siku zina hatari 20, basi sigara moja ina hatari moja. Kwa upande wa kansa ya mapafu, idadi ya sigara inahesabika sana. Kwa upande wa moyo, haiko hivyo.

Mwaka 2018, watafiti wa University College London walichapisha katika British Medical Journal matokeo ya uchunguzi 141 waliyoyaweka pamoja. Walikuta kwamba mtu anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba yule anayevuta 20. Nusu! Sababu ni kwamba moshi kidogo tu unatosha kubana mishipa na kuanza kugandisha damu. Ukishafungua huo mlango, sigara zinazofuata zinaongeza hatari, lakini hatua kubwa imefanywa na ile ya kwanza.

Kwa hiyo kupunguza kutoka 15 mpaka 2 ni mwanzo muzuri, lakini usijenge nyumba pale. Moyo unasubiri sifuri.

Shisha na ugoro ni namna gani? Vijana wanasema maji ya shisha yanasafisha moshi. Hapana. Maji yanapoza moshi tu, hayatoi ile gazi, tena kaa la moto lililo juu linaongeza nyingine. Ugoro hauna moshi, lakini uko na nikotini, na nikotini inapandisha tansio.

Miguu, kitanda na watoto

Mishipa ya miguu inaziba pia. Mtu anatembea kidogo, mguu unauma kwa nyuma, anasimama, maumivu yanaisha, anaendelea, yanarudi. Wazee wanasema ni uzee ao baridi ya mifupa. Kwa mvutaji, inaweza kuwa damu haifiki. Ikiendelea, kidonda cha kidole hakiponi, na mwisho wake unaweza kuwa kukatwa mguu. Kuna hata ugonjwa mmoja, waganga wanauita ugonjwa wa Buerger, unaoshika zaidi wanaume wenye umri chini ya miaka 45, na karibu wote wanaoupata wanatumia tumbaku. Dawa yake ya kwanza ni kuacha tumbaku kabisa.

Wanaume wasikie hili pia, hata kama ni neno la haya: nguvu za kiume zinategemea damu kuingia katika mishipa midogo sana. Mishipa hiyo inaweza kuziba mbele ya ile ya moyo. Kwa wengine, udhaifu wa kitandani ni alama ya kwanza kwamba moyo uko mbioni kupata shida.

Kwa wamama: mwanamke anayevuta na anayetumia vidonge vya kupanga uzazi, zaidi akiwa amepita miaka 35, yuko katika hatari kubwa ya damu kuganda. Amwambie munganga ukweli kusudi amchagulie njia nyingine. Mwenye mimba anayevuta anamnyima mtoto oksijeni tumboni.

Na wale wasiovuta? OMS inahesabu zaidi ya milioni moja ya watu wanaokufa kila mwaka kwa kuvuta moshi wa wengine. Baba akivuta sebuleni, moyo wa mtoto unavuta naye.

Ukiacha leo

Habari njema ni kwamba mwili unaanza kujitengeneza mbio kuliko watu wanavyofikiri. Baada ya dakika 20, moyo unapunguza mbio na tansio inashuka. Baada ya siku moja hivi, ile gazi inatoka katika damu. Kati ya wiki 2 na 12, damu inatembea vizuri zaidi, kupanda mulima hakuchoshi kama mbele. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inashuka karibu kwa nusu. Baada ya miaka 15, inakaribia ile ya mtu ambaye hakuvuta. Mwenye miaka 60 anapata faida pia. Hakuna aliyechelewa.

Kuacha si rahisi, na si kwa sababu mtu ni dhaifu. Ubongo umezoea nikotini. Siku za kwanza kuna hasira, usingizi mbaya, njaa. Inapungua sana ndani ya wiki mbili mpaka nne. Mambo haya yanasaidia:

- Chagua siku, iambie familia na marafiki wa parkingi. Waombe wasikupe hata moja.
- Hamu inapanda kwa dakika chache, kisha inashuka. Kunywa maji, tembea, tafuna karanga, piga simu.
- Kwa muda, epuka pombe na mahali ulipozoea kuvutia.
- Ukianguka, anza tena kesho yake. Wengi waliofaulu walijaribu mara nyingi.
- Pita kwenye kituo cha afya, upimwe tansio, uulize msaada.

Fanya pia hesabu ya mfuko. Tuseme sigara moja ni franka 200 na unavuta 10 kwa siku. Ni franka 2 000 kwa siku, 60 000 kwa mwezi, 730 000 kwa mwaka. Weka bei ya kwenu, kisha angalia minervali ya watoto.

Kuna pia kazi ya viongozi. Inchi yetu ilikubali mwaka 2005 Mkataba wa OMS juu ya tumbaku. Kifungu chake cha 16 kinaomba serikali zijitahidi kukataza kuuza sigara moja moja, kwa sababu njo njia ambayo watoto wanaipata kwa makuta kidogo. Kila mtu anaweza kutazama kibanda kilicho karibu na shule ya mtaa wake na kuona kama neno hilo linafuatwa.

Usingoje kesho

Mtu akisikia kifua kinabanwa sawa vile mtu amekikalia, maumivu yakienda kwenye mkono ao taya, jasho baridi, pumzi ikikatika, mpeleke hospitali palepale. Fanya vilevile uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu ao maneno yakigeuka. Vyombo vya kufungua mshipa wa moyo ulioziba havipatikani kwa urahisi katika provinsi zetu, na barabara tunazijua. Kwa hiyo mvutaji wa huku akiacha leo, anajikinga na ugonjwa ambao akiupata, msaada uko mbali.